Swoop ya Hyperfine: MRI ya kusukumwa hadi kitandani, na namna ya kuijaribu kwa wagonjwa kabla ya kuiamini

Swoop ni mashine ya MRI (kipimo cha picha kwa sumaku na mawimbi ya redio) ya kichwa tu. Ina magurudumu, inachomekwa kwenye soketi ya kawaida ya ukutani, na mwendeshaji huiongoza kwa kishikwambi. Inatengenezwa na kampuni ya Hyperfine ya Connecticut, Marekani, na mwaka 2020 ilipata kibali cha FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo. Tangu hapo imefika Blantyre, Malawi, katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth, kwa hiyo si habari ya mbali tena kwa hospitali za Tanzania, Kenya na Uganda. Hospitali ya mkoa au ya kaunti ikipata nafasi ya kuwa nayo, iwe kwa kununua au kwa kuingia kwenye utafiti, ijue kwanza ni maswali gani mashine hii inayajibu vizuri na ni yapi inayababaisha.

Tutoe uamuzi wetu mapema. Ni mashine nzuri kwa maswali makubwa ya ubongo: vyumba vya maji vimepanuka kiasi gani, ubongo umesukumwa upande mmoja au la, kuna kiharusi kikubwa, kuna uvimbe unaokandamiza. Ikipewa kazi ya kuthibitisha kwamba mgonjwa hana damu kichwani, inaweza kuua. Katikati ya hapo kuna maswali mengi ambayo kila hospitali inapaswa kuyapima yenyewe, kwa wagonjwa wake waliojitolea na kwa utaratibu ulioandikwa kabla ya mgonjwa wa kwanza kulazwa chini ya sumaku.

Nguvu ya sumaku yake ni tesla 0.064, yaani militesla 64. MRI za kawaida za hospitali ni tesla 1.5 au 3, kwa hiyo hii ni dhaifu mara 23 hivi kuliko ile ya 1.5. Ni sumaku ya kudumu. Haihitaji heliamu ya kimiminika wala chumba chenye kuta za shaba. Uzito wake ni takriban kilo 630, kimo kama sentimita 140, upana kama sentimita 86, na uwazi wa kuingizia kichwa ni takriban sentimita 31 kwenda juu. Mota yake huisaidia kusogea, lakini mota haipanui mlango. Kabla ya jambo lolote, chukua futi ukapime kila mlango kati ya ghala na wodi, kizingiti hadi kizingiti, bawaba zikiwemo. Mlango wa sentimita 90 unakuachia sentimita mbili kila upande. Soma pia kibao cha uzito ndani ya lifti, ukajumlishe na watu wawili wanaoisindikiza. Njia ya mteremko iliyojengwa kwa ajili ya viti vya magurudumu inaweza kuwa na mwinuko usiofaa kwa kilo 630 zinazorudi nyuma.

Mpaka wa gausi 5, ambao nje yake watu na vifaa vingi huhesabiwa kuwa salama, uko sentimita 79 tu kutoka katikati ya sumaku. Hapa ndipo mashine hii inapostahili sifa zake. Mama anaweza kukaa kando ya mwanawe akiwa amemshika mguu muda wote. Mgonjwa mahututi habebwi, hashushwi lifti, hachomolewi kwenye mashine ya kupumulia. Kelele za koili, yaani nyaya zilizozungushwa, ni ndogo sana zikilinganishwa na zile za mashine kubwa, na joto ambalo mawimbi ya redio huutia mwili, kwa pigo lilelile, ni dogo zaidi ya mara 500 kuliko kwenye tesla 1.5, kwa sababu joto hilo hukua kwa kipeo cha pili cha nguvu ya sumaku.

Gharama ya udhaifu wa sumaku ni picha yenye chenga. Mawimbi yanayotoka kichwani ni hafifu, hivyo mashine hukata vipande vinene: milimita 5 kwa picha za T1, T2 na FLAIR, aina tatu za kawaida za picha za MRI, kila nukta ikiwa na upana wa kama milimita 1.5. Picha ya mtawanyiko wa maji, yaani DWI, huwa na vipande vya milimita 6. Kidonda chembamba kuliko kipande huchanganyika na ubongo mzima ulio jirani nacho na kufifia. Muda nao si mfupi: katika majaribio ya kwanza pale Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mgonjwa alikaa takriban dakika 35 kwa seti nzima.

Majaribio hayo ya Yale ndiyo msingi wa sifa nyingi za Swoop, kwa hiyo yasomwe kwa utulivu. Kundi la kwanza lilikuwa la wagonjwa 50 wa chumba cha mahututi. Kati ya 30 waliokuwa na magonjwa ya ubongo bila UVIKO, kasoro zilionekana kwa 29. Kati ya 20 waliokuwa na UVIKO, kwa 8. Kazi ya mwaka 2022 kuhusu kiharusi cha kuziba mshipa iliona kidonda kwa wagonjwa 45 kati ya 50, vingine vidogo hadi milimita 4. Hizo ni namba za kutia moyo.

Namba ya mwaka 2021 kuhusu damu kichwani ndiyo ya kubandika ukutani. Waliokuwa na damu ndani ya ubongo walikuwa 56; wasomaji wa picha waliitambua kwa 45. Hiyo ni asilimia 80. Wagonjwa 11 walikuwa na damu ambayo haikutambuliwa. Upande wa pili ulikuwa mzuri: kati ya picha 88 zisizo na damu, 85 zilisomwa sawasawa. Maana yake kwa daktari wa zamu ni hii: Swoop ikionyesha damu, iamini na uchukue hatua, isipoonyesha, hujaambiwa kwamba haipo. Mgonjwa wa kiharusi anayetakiwa kupewa dawa ya kuyeyusha donge bado anahitaji CT, kipimo cha eksirei kinachotoa picha kwa vipande. Muuzaji yeyote anayeruka namba hii anapokuonyesha picha zake nzuri, mrudishe hapo.

Umeme, joto na kelele

Kwa kuwa hakuna kuta za shaba, mashine husikia kila kitu. Kwenye militesla 64, protoni huitika kwenye megahezi 2.72 hivi, eneo lililojaa uchafu wa umeme wa vifaa vya kisasa. Swoop ina vipokezi vya pembeni vinavyosikiliza kelele ya chumba, kisha programu huitoa kelele hiyo kwenye mawimbi yaliyotoka kichwani. Mbinu hiyo inafanya kazi vizuri pale kelele inapokuwa tulivu. Kelele inayowaka na kuzima, kama ya pampu ya godoro la kuzuia vidonda vya mgongo au chaja ya simu ya bei nafuu, huipita.

Jinsi ya kuutafuta uchafu huo: weka fantomu ndani ya mashine, yaani chupa ya plastiki iliyojazwa maji yenye kopa salfeti, kama gramu 1 kwa lita, bila mapovu ya hewa. Zima kila kitu kinachoweza kuzimwa wodini na upige T2. Hiyo ndiyo picha yako ya rejea. Kisha washa kifaa kimoja kimoja, ukipiga picha hiyohiyo kila mara: taa, kiyoyozi, pampu ya dripu, monita, mashine ya kupumulia, friji ya dawa. Mstari mwembamba wenye nukta nyeupe na nyeusi unaokata picha kutoka ukingo hadi ukingo ni kelele ya masafa mamoja, na mara nyingi mwenye kosa ni kifaa kimoja. Ukungu ulioenea picha nzima ni kelele pana, na hapo shuku taa za LED, inveta au jenereta. Redio ndogo ya AM iliyofunguliwa karibu na mwisho wa bendi, kwenye kilohezi 1600 hivi, husaidia sana. Itembeze karibu na kila kifaa. Inapokoroma kwa nguvu, umefika. Kifaa kisichoweza kuzimwa, kama mashine ya kupumulia, kisogezwe mbali kadiri mipira inavyoruhusu na kichomekwe kwenye soketi ya ukuta mwingine.

Umeme ukikatika katikati ya picha, picha hiyo imekwenda na mgonjwa anaanza upya. UPS, yaani betri ya akiba inayoziba pengo umeme ukikatika, ni ya lazima, lakini si UPS yoyote. Zile za bei nafuu zinazotoa wimbi la pembe badala ya wimbi laini huingiza kelele yao wenyewe, na utajikuta umenunua tatizo ulilokuwa unalikimbia. Soma wati kwenye kibandiko cha mashine, chagua UPS ya wimbi laini yenye nafasi ya ziada, na uijaribu kwa fantomu kabla ya kuilipia.

Joto nalo lina hesabu yake. Sumaku za neodimiamu hupoteza karibu asilimia 0.1 ya nguvu kwa kila nyuzi moja ya joto. Kwenye megahezi 2.72 hiyo ni karibu kilohezi 3 za kuhama. Mashine hujipanga upya mwanzoni mwa kipimo, lakini ukiitoa chumba chenye kiyoyozi na kuipeleka wodi ya Dar es Salaam au Mombasa mchana wa Februari, sumaku itaendelea kupata joto mgonjwa akiwa ndani. Ni afadhali iegeshwe kwenye wodi ileile itakayotumika, na ipigwe fantomu kila asubuhi katika saa ileile. Andika masafa, joto la chumba na ukubwa wa mawimbi daftarini. Daftari hilo ndilo litakalokuonyesha, wiki kadhaa baadaye, kwamba tatizo lilianza siku ile kiyoyozi kilipoharibika.

Kichwa chenyewe

Picha nyingi mbaya huharibikia kwenye kulaza. Koili ya kichwa imefunga kotekote na ni ya kichwa cha mtu mzima. Mgonjwa mwenye shingo fupi au mabega mapana hashuki vya kutosha, na kinachopotea ni sehemu ya chini: ubongo wa nyuma na shina la ubongo, penye matatizo yanayoua upesi. Ondoa mto, shusha mabega, weka taulo lililokunjwa chini ya mgongo wa juu, kisha hakikisha nyusi zimefika katikati ya koili. Kwa mtoto mchanga tatizo linageuka: kichwa kidogo huogelea ndani ya koili na mawimbi yake huwa hafifu. Mjazie sifongo pande zote, kichwa kiwe katikati wala kisielekee upande mmoja. Mtoto anyonyeshwe, afungwe vizuri kwenye khanga, apewe muda wa kuzama usingizini, ndipo asogezwe. Ukiharakisha utapiga FLAIR mara tatu.

Nywele zinastahili aya yao. Nywele zilizosukwa zikafungwa kilele huzuia kichwa kuingia kabisa, na kumwambia mwanamke afumue nywele mlangoni ni kumfukuza. Mjulishe siku ya kumpa miadi kwamba nywele zisukwe za kulala. Mawigi huwa na klipu ndogo za chuma zilizoshonewa ndani ambazo mwenyewe hazikumbuki. Hijabu huja na pini, mara nyingine tatu au nne, moja ikiwa imefichwa chini ya kidevu. Toa mtandio safi usio na pini na sehemu ya faragha ya kubadilishia, na awepo mhudumu wa kike. Hirizi ziulizwe kwa heshima na bila kufunguliwa. Nyingine zina risasi au madini mengine ndani ya ngozi. Mgonjwa akikataa kuivua, utafiti unaweza kuendelea bila yeye.

Udhaifu wa sumaku hii umewafanya wengine walegeze ukaguzi, na hilo ni kosa. Mkasi, koleo la upasuaji na mtungi wa oksijeni wa chuma bado huvutwa vikifika mdomoni mwa mashine. Mwenye betri ya moyo, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa, pampu ya insulini iliyo mwilini au kipande cha chuma jichoni haingii. Cheti cha kipandikizi kinachosema ni salama kwenye tesla 1.5 kinahusu masharti ya tesla 1.5; mapigo ya redio ya megahezi 2.72 yana urefu mwingine wa wimbi, na waya uliokuwa salama kule haujathibitishwa huku. Fundi chuma na mafundi wa kuchomelea waulizwe moja kwa moja kuhusu macho.

Kuijaribu kwa waliojitolea

Kila toleo jipya la programu, kila aina mpya ya picha na kila kifaa kilichohamishiwa wodi nyingine huhitaji majaribio yake. Ngazi ni tatu: fantomu, watu wenye afya, kisha wagonjwa. Watu wenye afya hukuonyesha kama picha inarudi vilevile mtu akipigwa mara mbili, akishuka na kupanda tena. Hawakuonyeshi kama mashine inaona ugonjwa, kwa sababu ugonjwa hawana. Ndiyo maana wagonjwa wanaojitolea hawana mbadala, na ndiyo maana wanastahili kutunzwa kuliko mashine yenyewe.

Vibali huanza na kamati ya maadili ya taasisi. Kwa Tanzania kuna pia kibali cha kitaifa kupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa; Kenya leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi; Uganda usajili kwa UNCST, baraza la taifa la sayansi. Fomu ya ridhaa iandikwe Kiswahili cha kawaida na isomwe kwa sauti. Asiyejua kusoma aweke dole gumba mbele ya shahidi asiye mfanyakazi wa utafiti. Sentensi moja isikosekane: kipimo hiki ni cha kuijaribu mashine, matibabu yako hayatabadilika ukikubali wala ukikataa. Mgonjwa aliyelazwa humwona kila mwenye koti jeupe kuwa daktari wake, kwa hiyo anayeomba ridhaa asiwe yule anayemtibu. Nauli na chakula vilipwe kwa kiwango kilichopitishwa na kamati, na vilipwe hata kwa aliyetoka dakika ya tano. Kwa asiye na fahamu, ndugu hutoa ridhaa. Akizinduka aulizwe mwenyewe, na akikataa picha zake ziondolewe.

Hesabu ya watu ifanywe kabla. Ukitaka kujua uwezo wa mashine kugundua ugonjwa, nawe unatarajia asilimia 90 na kosa la pointi 10 juu au chini, unahitaji kama wagonjwa 35 wenye ugonjwa huo. Wasio nao wahesabiwe kando. Kumi hawatoshi: mashine ikipatia 10 kati ya 10, bado inawezekana kwamba kwa kawaida hukosa karibu robo ya wagonjwa, na bahati tu ndiyo iliyoificha. Taarifa nyingi za kusifia mashine husimama juu ya namba ndogo namna hiyo.

Kila mgonjwa apate pia kipimo cha rejea, CT au MRI kubwa, ndani ya saa 24, na kwa kiharusi au damu ndani ya saa chache, kwa kuwa damu hubadili sura kadiri inavyozeeka. Nusu ya wagonjwa waanze na Swoop na nusu wamalizie nayo, la sivyo uchovu na kujigeuza vitaangukia mashine moja tu. Picha zisomwe na mabingwa wawili wa radiolojia, kila mmoja peke yake, bila kujua majibu ya rejea, na wanaposoma mashine ya pili wiki kadhaa ziwe zimepita. Wasipokubaliana, wa tatu aamue. Lakini kiwango chao cha kutokubaliana kiandikwe, maana picha ambayo mabingwa wawili wanaisoma tofauti itamshinda daktari wa zamu saa nane za usiku.

Jambo ambalo huachwa mara nyingi kuliko yote: kila aliyeingia mashineni ahesabiwe. Aliyejigeuza, ambaye umeme ulimkatikia, ambaye kichwa hakikuingia, picha zao zikitupwa kimyakimya matokeo yatapendeza na yatakuwa ya uongo. Wodini hao ndio wagonjwa wenyewe. Andika sababu ya kila picha iliyoshindikana. DWI ndiyo ya kwanza kushindikana, kwa sababu inategemea gradienti zenye nguvu, yaani nyuga za ziada za sumaku zinazobadilika toka sehemu moja hadi nyingine, na hizi ni za militesla 25 hivi kwa mita. Ipigwe mapema katika mpangilio, mgonjwa angali mtulivu, na isomwe pamoja na ramani ya ADC, inayoonyesha kiasi cha mtawanyiko wenyewe, ili T2 ndefu, inayong'aa hata bila kiharusi, isije ikadhaniwa kuwa kiharusi kipya.

Amueni pia kabla ya kuanza nini kitafanyika kikionekana kisichotarajiwa. Nani anasoma picha siku hiyohiyo, ndani ya saa ngapi, nani anamwambia mgonjwa, na nani analipa CT ya kuthibitisha. Utafiti usio na bajeti ya kipimo hicho unamwachia mgonjwa hofu na bili.

Programu inayosafisha picha

Sehemu ya ubora wa Swoop hutoka kwenye akili bandia inayoondoa chenga wakati picha inajengwa. Inasaidia kweli, na kwa macho tofauti ni kubwa. Tahadhari yetu ni ya aina moja. Watafiti wa ugonjwa wa kichwa kikubwa kwa watoto (maji kujaa ndani ya ubongo) waliwaonyesha madaktari bingwa wa upasuaji picha hafifu zilizoboreshwa kwa njia ya namna hiyo, na wakakuta kwamba data ikiwa mbovu mno, programu inaweza kuchora maumbo yasiyokuwepo au kuyapotosha yaliyopo. Picha yenye chenga hukutangazia kwamba ni mbovu. Picha laini haikutangazii. Fantomu yenye mashimo ya vipimo vinavyojulikana ndiyo dawa: iharibu data makusudi kwa kuwasha kifaa chenye kelele, uone kama mashimo yanabaki mahali pake.

Programu ikisasishwa katikati ya utafiti, picha za kabla na baada si za mashine moja tena. Ukubwa wa vyumba vya maji unaweza kuonekana umebadilika ilhali kilichobadilika ni hesabu ya kompyuta. Kataa usasishaji mpaka kundi zima limalizike, au wapige wachache kwa matoleo yote mawili. Hili liwe ndani ya mkataba, kwa sababu usasishaji huweza kuja kupitia intaneti bila kubisha hodi.

Njia nyingine: kuijenga

Asiyetaka kufungwa na kampuni moja atazame Mbarara. Mwaka 2022, katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, Uganda, timu ya Johnes Obungoloch pamoja na wenzao wa Leiden, Uholanzi, waliunganisha mashine ya militesla 50 papo hapo. Vipande vyote na zana vilikuja kwa ndege. Sumaku ndogondogo zilichambuliwa moja moja, zikapangwa kwenye pete 23 za mpangilio wa Halbach, unaoelekeza nguvu ya sumaku ndani ya pete, nafasi kati ya pete zikarekebishwa, koili za gradienti zikajengwa, na toroli la alumini likaundwa. Wakufunzi wanne na watu sita wasio na mafunzo ya awali walifika kwenye picha ya kwanza kwa takriban siku 11. Nia ilikuwa hasa watoto wenye vichwa vikubwa, ugonjwa ambao hospitali ya watoto ya CURE kule Mbale imeutibu kwa miaka mingi, na ambao picha yake haihitaji undani wa ajabu: maji na ubongo hutofautiana waziwazi hata kwenye sumaku dhaifu, na mtoto anayefuatiliwa mara kwa mara huepushwa mionzi ya CT.

Mashine hiyo haina kibali cha kibiashara wala fundi wa kampuni wa kupigiwa simu. Ina kitu ambacho Swoop haina: walioijenga wanajua kila skrubu. Waya wa gradienti ukiungua, unasukwa upya hapohapo. Kwa chuo kikuu chenye wahandisi na hospitali jirani, tungeichagua hiyo kwa utafiti na kufundishia. Kwa wodi ya mahututi inayotaka jibu usiku huu, tungechagua Swoop.

Kabla ya kusaini mkataba wa Swoop, pata majibu kwa maandishi. Ada ya mwaka ni kiasi gani, na mashine inafanya nini ada ikichelewa? Picha zinahifadhiwa wapi intaneti ikikatika, na zinatoka kwa muundo wa DICOM, ule wa kawaida wa picha za hospitali, bila kupitia seva ya nje? Hilo ni suala la sheria pia: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na picha ya kichwa cha mgonjwa ni taarifa binafsi. Koili ya akiba iko nchi gani, na inachukua siku ngapi kufika? Nani anafundisha zamu ya usiku? Kisha omba wiki mbili za majaribio na fantomu yenu wenyewe, katika wodi yenu, jenereta ikiwa imewashwa.